Kamyo Mbili za Mlima Ngomo

Buffalo, tarehe 19 Januari 2025

Muramu wangu Dionizi,

Niko na miaka makumi munane na mbili. Nimezika patron watatu na kamyo tatu, Leyland mbili na Albion moja. Nimezika vita ambazo hata wenye kuzipigana wamesahau majina yake. Nimezika dada yako Béatrice, bibi yangu, na mimi nilifikiri yeye ndiye atanizika. Mashofa wote tuliokuwa tunapanda nao barabara ya Uvira wamekwisha. Tumebaki mimi na wewe, na wewe hauko muzima sana.

Nakusalimia. Salimia na bibi yako Chimène, umuambie ile kazi ya kugeuza wazee kwenye vitanda isimuvunje mugongo, wazee ya hapa wako wazito, wamekula vizuri. Sisi tuko. Binti yangu Grâce anaenda kwenye ghala ya Lackawanna asubuhi na anarudi miguu imevimba. Watoto yake wananijibu Kiingereza, mimi nawajibu Kiswahili, tunasikilizana sawa vile mashofa wawili wanapigiana honi kwenye kona. Theluji ya ziwa imefunika madirisha ya chini. Juzi jirani yetu gari yake ilikataa kuwaka, nikashuka, nikamuonyesha kwa mikono: fungua, nisikilize mashine. Hakufungua. Angejua ni nani alisimama mbele yake!

Naandika kwa vile kwenye telefone sisikii kitu. Sababu unaijua. Miaka kumi na tisa na mashine ya Leyland kando ya goti, masikio yote iliishia pale. Na naandika pole pole, unajua pia shule yangu ilikuwa wapi: mulango ya kamyo. CHAUFFEUR: ZIHINDULA. Rangi nyeupe, nilichora mwenyewe herufi moja moja, na Z nilirudia mara mbili. Wengine walipata diplome ukutani. Mimi jina yangu ilipanda Ngomo mara mbili kwa wiki na watu walisoma.

Bon, sasa maneno yenyewe.

Mbele ya Noeli Grâce alienda Columbus kuimba na kwaya yao. Mutu mumoja akasikia wanamuita binti ya Zihindula, akaacha sahani yake, akakuja: «Mama, mimi pia ni Zihindula. Nimeitwa kwa jina ya shofa.» Unamujua ni nani. Ni yule mutoto aliyezaliwa ndani ya Leyland kwenye mulima Ngomo mwaka 1978. Sasa iko na mvi! Binti yake Ange anaolewa tarehe 9 Agosti, siku ya Posho, ile munaita Jumamosi. Baba ya huyu Zihindula mudogo alikufa kwenye vita. Anataka mimi, baba ya jina, nikae kwenye kiti ya baba, nionje kinywaji ya kwanza, nibariki mutoto, na nisimulie watu wote vile nilisimamisha kamyo kwenye mulima na mama yake iko na uchungu.

Watu ya Columbus wanapenda karatasi. Wanataka kuchapa habari yangu kwenye kitabu kidogo ya arusi. Donc nakuomba kitu kidogo sana: uniandikie ukurasa moja kwamba ulikuwa pale, uliona, na ni mimi. Uandike kwa ile Kiswahili yako ya kambi ya Nyarugusu, ile inayopendeza kama mutu amevaa kravati.

Unakumbuka vizuri, muramu. Najua unakumbuka.

Zihindula


Louisville, 2 Machi 2025

Muramu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Barua yako ilifika tarehe 27 Januari. Niliisoma, nikaiweka ndani ya Biblia, na huko ikakaa. Usinikasirikie kwa kuchelewa.

Chimène anashukuru kwa ushauri. Mgongo wake umeshavunjika siku nyingi, anasema, sasa anafanya kazi kwa jeuri tu. Mimi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi wananifunga kwenye mashine ya kusafisha damu, muda wa saa nne kila mara. Nimezoea. Nainamisha sikio na kuisikiliza jinsi inavyozunguka. Ina sauti moja toka mwanzo mpaka mwisho, haina mlima wala mteremko. Ungeidharau.

Umesema nakumbuka vizuri. Ni kweli, na kule kwenye kiti cha mashine sina kazi nyingine. Nakumbuka siku zile kamyo tatu ziliposhushwa bandarini Kalundu kutoka Kigoma, Leyland mbili na Albion, zimepakwa rangi ya kijani juu ya rangi nyingine, na patron Masumbuko amevaa suti kwenye jua kuzipokea. Tulizunguka kutafuta usukani. Usukani wa Waingereza ulikuwa kulia, na sisi Kongo tunapita kulia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini: «Hii gari imejengwa kwa ajili ya kutazama mitaro!» Ukitaka kulipita gari la mbele, ilikubidi umuulize abiria aliyekaa kushoto: kuna mtu? Na tulibeba waongo wangapi kwenye kiti kile.

Nakumbuka gia za Leyland, ambazo zilikuwa hazikusaidii. Unakanyaga klachi, unatoa, unasikiliza, unakanyaga tena, na usiposikiliza inakutemea meno. Wewe ulinifundisha kusikiliza. Hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Nakumbuka viazi vitamu tulivyofunga kwenye jani la mgomba na kuweka juu ya bomba la moshi pale Kamanyola, na tulipofika Nyangezi vilikuwa vimeiva, vina ladha ya mafuta ya mazuti, na hatukuwahi kula kitu kitamu kama kile.

Kuhusu ukurasa ulioniomba. Nimekaa na kalamu mara tatu. Sina cha kuandika. Nakumbuka asubuhi ile pale Kamanyola ulisema una homa, ukaniomba tubadilishane magari, mimi nichukue Leyland yako na wewe uchukue Albion yangu. Zaidi ya hapo tusiandike.

Msalimie Grâce. Mwambie asimame juu ya kipande cha zulia pale kazini, saruji ndiyo inayovimbisha miguu.

Dionizi


Buffalo, tarehe 23 Marsi 2025

Dionizi,

Hatujambo. Grâce ameweka zulia, anakushukuru. Mutoto wake wa pili amepata meno mbili ya chuma kwa ajili ya kunyoosha zingine, sijui ni nani aliwaambia meno inahitaji barabara. Hiyo ndiyo habari ya nyumba.

Barua yako iko na kurasa tatu na zote ni viazi. Nimekuomba ushuhuda, unanipatia viazi!

Kubadilishana gari, hiyo ni neno gani? Tulibadilishana mara ngapi? Leyland ilikuwa yangu hata kama Papa wa Roma ndiye amekaa kwenye usukani. Jina kwenye mulango ilikuwa ya nani? Mutoto aliitwa nani? Hakuitwa Dionizi. Na nani alikufundisha? Umeandika mwenyewe: «Wewe ulinifundisha.» Mutu akifundisha mukono, kazi ya ule mukono ni ya nani? Fikiri hapo kwanza.

Mimi ndiye nilikupatia sheria ya Ngomo. Ukiwa na mzigo kwenye kupanda, hausimami. Hata wakuite. Hata mama yako. Kamyo iliyosimama pale ni kamyo iliyokufa, freni ya mukono haiishike, unarudi nyuma, unakutwa chini kwenye mto na nyani wanakuchungulia. Nilipanda miaka kumi na tisa sijaanguka hata mara moja. Niambie shofa mwingine. Hakuna.

Sasa kuna kitu kingine kinanisumbua. Mama ya yule mutoto, Fides, anaishi bado. Mimi nilifikiri alikufia Kamanyola. Iko Columbus kwa mwanawe, iko na macho yake yote mbili. Grâce anasema kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mwanawe anasimulia tena, na watoto wanamusikiliza. Anasema zilikuwa kamyo mbili. Ya kwanza ilipita. Anasema aligusa mulango yake na mukono. Anasema yule shofa wa kwanza amemusamehe tangu zamani, lakini angefurahi kuona uso yake mara moja akiwa amekaa, sababu aliuona ukipita tu.

Mutu mwenye uchungu ya kuzaa anaona nini? Maneno ya wanawake. Mvua ilikuwa inanyesha, vioo vimejaa mvuke, na homa ilikuwa imenifunga kichwa. Sikuona mutu kwenye barabara. Sikuona. Kama unataka kuandika kitu, andika hiyo.

Nangoja ukurasa yangu. Arusi haingoje.

Zihindula


Louisville, 11 Mei 2025

Muramu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Pasaka tuliifanyia hospitali. Nililala kule siku kumi na moja, mshipa wa mkono uliziba, wamenitengenezea mwingine. Chimène alikuwa anatoka kugeuza wazee wa wenzake anakuja kunigeuza mimi. Sasa niko nyumbani. Ndiyo maana nimechelewa, na safari hii si kwa sababu ya kalamu.

Umeandika «sikuona» mara mbili katika barua moja. Ningekuachia. Ungekuwa umeendesha gari la Wajerumani au la Wafaransa, usukani kushoto, ningekuachia mpaka kaburini. Lakini ulikuwa kwenye Albion. Usukani kulia, na njia yetu kulia. Mtu aliyesimama kando ya njia alisimama dirishani kwako, hakukuwa hata na kiti kati yenu. Kioo cha Albion hakikujaa mvuke, muramu, kwa sababu Albion ile ilikuwa haina kioo upande wa dereva tangu tulipoipokea. Mimi ndiye niliyekuwa naziba pale kwa gunia wakati wa mvua, na gunia lilikuwa limefungwa juu. Nilikuwa nyuma yako. Niliona mkono wake ukishika mlango wako, ukateleza, ukapita ubavu wote wa bodi mpaka ukaisha.

Sikusimama kwa sababu mimi ni mwema. Nilisimama kwa sababu nilikuona unapita. Nilikukasirikia. Nikakanyaga breki kwa hasira, na kamyo ikasimama, na kabla haijatulia nilishajua nimefanya nini.

Ilikataa kuondoka. Ulikuwa mzigo kamili wa sukari ya Kiliba. Klachi ilinuka, magurudumu yalirudi nyuma kwenye kabari. Nilimwekea mama yule blanketi kwenye kiti, mama yake mzazi akaingia naye, na mimi nikaanza kushusha sukari peke yangu, baadaye na watu wawili waliokuwa wanatoka shambani. Magunia yote tuliyapanga kando ya njia kwenye mvua. Mtoto alizaliwa sijamaliza kushusha. Nilimsikia nikiwa na gunia mgongoni. Yule mama akasema kupitia dirishani: «Nimesoma hapa mlangoni. Wewe ndiye Zihindula?» Damu ilikuwa inamtoka. Nikasema ndiyo, mama, ndiye mimi, nyamaza upumue. Kwa hiyo kosa la jina tuligawana, nami nakiri sehemu yangu.

Niliwafikisha wodi ya wazazi kule Nyangezi, nikageuka mbio kurudi kwenye sukari. Haikuwapo. Iliyobaki ilikuwa inateremka kwenye mtaro kama chai, na nyuki wamekuja. Masumbuko alinifukuza siku hiyo hiyo. Hayo unayajua, ulikuwa umesimama pale. Nikavuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta kazi, na mengine ya maisha yangu yakafuata njia hiyo. Silalamiki. Kule ndiko nilikompata Chimène.

Unajiuliza kwa nini nimenyamaza miaka yote hii. Wazee wa upande wa mume wa Fides walipokuja Bukavu na mbuzi kumshukuru shofa, dada Béatrice alimpika yule mbuzi. Sikuwa nimevuka bado. Kesho yake asubuhi alinikuta garaji nilikokuwa nafanya kibarua, ameshika mguu wa mbuzi umefungwa kwenye jani. Akasema: «Hii ni yako.» Nikamuuliza, dada, umejuaje? Akasema: «Mume wangu akisema kweli husema mara moja. Hii ameisema mara sita tangu jana.» Kisha akasema: «Muache. Ukimwangusha kutoka pale juu, huyu hatajua kusimama tena, na mimi ndiye nitakayebaki naye chini.» Akaniapisha. Nimeshika kiapo mpaka leo. Nakivunja kwa sababu yeye hayupo, na damu yangu inapita kwenye mpira mara tatu kwa wiki, na sitaki niwe mtu wa mwisho kuyajua haya.

Kiti cha Columbus sikitaki. Tarehe 9 Agosti ni Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya mashine. Usiniandike popote.

Dionizi


Buffalo, tarehe 8 Juni 2025

Muramu,

Barua yako ilifika. Nilisoma. Kiisha nikamupatia Grâce aisome tena kwa sauti kubwa kwenye sikio ya kushoto, nijue kama sikusoma vibaya. Kwenye ile mahali ya mguu wa mbuzi akaacha kusoma. Akaniangalia. Akaenda kazini bila kula.

Miaka makumi ine na ine nilisimulia mbele ya Béatrice. Bukavu, kwenye kambi, hapa Buffalo mbele ya pasteri. Yeye iko anamwaga chai. Siku moja nilisahau kipande, na yeye ndiye alinikumbusha: «Na mvua, baba Grâce. Umesahau mvua.»

Uniambie kitu kimoja tu. Alisema neno ingine?

Zihindula


Louisville, 22 Juni 2025

Muramu,

Hapana. Alisema hayo tu. Kisha akauliza kama nina sabuni, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na grisi na hakutaka nile hivyo. Alinisubiri nikanawa.

Chimène anakusalimu. Kula, tafadhali. Grâce amempigia simu, anasema huli.

Dionizi


Buffalo, tarehe 13 Juyeti 2025

Kwa Zihindula wangu ya Columbus, na kwa mama yake Fides. Karatasi ya pili, ile ile, kwa muramu wangu Dionizi, Louisville.

Nawasalimia wote, na Ange bibi arusi, na yule kijana anayemuoa, ambaye jina yake Grâce aliniambia na mimi nimesahau, anisamehe. Hapa tuko muzima. Joto imekuja na watu ya mutaa wetu wanakaa kwenye ngazi mbele ya nyumba. Mimi pia nakaa. Naandikia pale, karatasi juu ya goti.

Mulinialika nikae kwenye kiti ya baba na nisimulie. Nitasimulia hapa kwenye karatasi, sababu na mudomo wangu maneno hii imezoea barabara mubaya, ikianza itapita pale pale.

Mwaka 1978 nilikuwa shofa ya Leyland ya patron Masumbuko, na jina yangu ilikuwa kwenye mulango. Hiyo ni kweli. Ile Leyland vitesi ya tatu, ile gia, ilikuwa inaruka toka siku mbili. Kwenye kupanda, vitesi ikiruka, kamyo inakuwa ya mulima, haiko yako tena. Mimi niliyekuwa nasema hakuna mwingine anayeweza kuishika, asubuhi ile niliogopa kuishika. Nikamuambia Dionizi, ndugu mudogo wa bibi yangu, kwamba niko na homa. Sikuwa na homa. Nikamupatia Leyland na sukari yote, nikachukua Albion yake.

Tulipanda. Mimi mbele, yeye nyuma. Kwenye kona ya tatu nikakuona, mama Fides. Ulikuwa umevaa kitambaa ya njano, na mama yako anakushika kiunoni. Ulisema «Baba, Baba.» Nilisikia. Masikio yangu ilikuwa muzima wakati ule. Uliweka mukono kwenye mulango, karibu ya kiwiko yangu. Nikaangalia mbele na nikaendesha.

Kuna sheria ya mashofa: kwenye Ngomo na mzigo, hausimami. Ni sheria ya kweli, muulize shofa yeyote, mimi niliifundisha wengi. Lakini Albion yangu siku ile ilibeba magunia matupu yaliyokuwa yanarudi Bukavu. Ningesimama na ningeondoka tena na kidole moja. Miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa Leyland nyuma yangu, kwamba nikisimama na Dionizi atasimama, na atarudi nyuma kwenye shimo na mimi ndiye nilimupatia ile gari. Hiyo pia ni maneno niliitafuta kiisha. Kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na nilitaka kufika.

Dionizi akasimama. Akashusha sukari kwenye mvua na mugongo wake. Wewe, Zihindula, ulizaliwa kwenye kiti, na yeye ndiye aliwapeleka Nyangezi.

Patron aliniita na akaonyesha jina kwenye mulango: nani alipoteza sukari yangu? Nikasema si mimi, ni Dionizi, tulibadilishana. Wakamufukuza mbele yangu, na mimi nilikuwa nashika kofia. Siku tisa nyuma yake wazee yenu wakakuja na mbuzi, wakauliza: nani alisimama? Nikasema ni mimi. Donc kwa patron haikuwa mimi, na kwa mbuzi ilikuwa mimi. Vile ndivyo nilivyofanya. Sikupata neno ya kuipamba.

Jina siwezi kukuondolea, Zihindula. Umeivaa miaka makumi ine na saba, umeifulia na jasho yako, iko yako kuliko yangu. Lakini kiti haiko yangu. Mumuweke Dionizi pale. Aonje kinywaji ya kwanza yeye, abariki Ange yeye. Mukono wake mumoja uko na mishipa ya mashine, musimushike kwa nguvu.

Muramu, wewe unayesoma karatasi ya pili, najua umekasirika. Uliniambia nisikuandike popote. Nimekuandika. Utasema siku ya Posho ni ya mashine: Grâce na Chimène wamepiga telefone kule wanakosafisha damu, watakufunga siku ya Ijumaa mbele ya kuondoka. Chimène ameomba ruhusa kwa kazi na amepiga pasi suti yako, ile ya bluu. Kutoka Louisville kufika Columbus haina mulima hata moja. Nimeuliza. Usinitafutie sababu, mimi ndiye fundi wa sababu.

Mimi nitakuja na basi, na Grâce. Sitakaa mbele. Kama mutaona si vizuri niingie, nitangoja inje kwenye parking na sitakasirika, nimengoja kwenye barriere nyingi ya maaskari. Mama Fides, uliomba kuona uso ya shofa wa kwanza akiwa amekaa. Nauleta. Imekwisha kuharibika sana, lakini pua ni ile.

Na kama mutu atasema muzee amechanganyikiwa kichwa, anajishitaki bure, muulize hawa. Dionizi aliona yote kutoka nyuma na alinificha. Atajaribu kunificha tena, musimukubalie. Patron Masumbuko amekufa. Bibi yangu Béatrice alijua toka siku ya pili, amelala hapa Buffalo, hawezi kuja. Anabaki mumoja aliyeniangalia siku ile kutoka karibu kuliko wote, na kioo haikuwa kati yetu. Ni wewe, mama Fides. Uniangalie vizuri, usiharakishe, kiisha uwaambie watu kama ni mimi.

Zihindula,
shofa ya kamyo ya kwanza